Wali Mwekundu wa Kavumbi

Mwaka ambao watu wa Magarini walikuwa wakichimba mizizi ya porini wapate kula, Kavumbi alipika wali akauacha uoze. Hebu fikiri! Mvua za mwaka themanini na nne zimekataa, mahindi yamekauka kabla ya kufika magotini, na mjane mmoja anatandaza wali kwenye ungo, anaufunika kwa kitambaa safi, anangoja uote kuvu. Hata mimi ningemtilia shaka.

Kuvu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mchele na mbegu ya kuvu aliletewa na Kioko, Mkamba mwenye karakana ndogo mjini Malindi, aliyetaka kutengeneza rangi nyekundu ya kutia kwenye sharubati na soseji badala ya ile inayoagizwa ng'ambo. Karakanani upepo wa bahari uliipoza kuvu ikafa. Jikoni kwa Kavumbi joto lilikaa mchana kutwa, nayo ikanawiri, ikala punje mpaka ndani zikawa nyekundu kama nyama mbichi. Hapo Kavumbi aliukausha wali, akautwanga, akauloweka kwenye spiriti ivute rangi. Spiriti hiyo hiyo alijipaka mikononi kila alipotaka kuugusa wali, maana kuvu ya kijani ikiingia, kazi yote imeharibika. Ikawa tabia, hakugusa kitu cha maana bila kujipaka.

Nyumba ile ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Mumewe Kalama amezikwa uani, na kwao hakukuwa na mtu tena wa kumpokea.

Mdogo wa marehemu, Dena, aliishi boma hilo hilo na mkewe Kadii. Mtoto wao alikuwa amekufa kwa surua. Dena hakuwa mtu mbaya, niseme hivyo mapema. Alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi moja aliingia jikoni kwa Kavumbi kuomba moto, akafunua kitambaa. Alimpiga shemeji yake ngumi ya mdomo, jino likatoka, akamburura kwa nywele hadi nje, akimuuliza ni damu ya nani anayoiotesha wakati watoto wanakufa. Kavumbi akaeleza habari za kuvu, na rangi, na soseji. Soseji! Nani pale aliyewahi kuiona soseji? Majirani wakamrushia mawe, moja likampasua paji la uso.

Wazee wakasema liletwe shoka la kiapo. Shoka hutiwa motoni mpaka liwe jekundu, likapitishwa kiganjani: asiye na hatia haungui. Akiungua ni mchawi, nyumba yake huchomwa, naye ana bahati akitoka hai. Kavumbi alikiamini kiapo kile kuliko hata waliomshtaki. Aliomba kifanywe siku hiyo hiyo.

Mganga aliyeitwa kusimamia kiapo alipolitoa shoka motoni, Kavumbi alichomoa kichupa cha spiriti kwenye pindo la leso akajimwagia kiganjani, kusudi aliguse jambo lile kwa mkono safi. Kioko alikuwa amemwonya kuhusu spiriti na moto. Lakini kichwa kilikuwa kinavuma, na tena, shoka lile lingemuunguzaje asiye na hatia?

Mkono uliwaka wote. Kavumbi alipiga yowe, na watu wakamwangukia kwa marungu. Mfupa wa bega ulivunjika akausikia. Mtu mmoja akawasha kuti akaelekea nyumbani kwake. Pale chini mavumbini ndipo Kavumbi aliponusa harufu ya spiriti kwenye ngozi yake, akaelewa.

“Na mshtaki naye ale kiapo,” alisema. “Nitamnawisha mimi, kama nilivyonawa.”

Mganga akasema ni haki yake. Dena akanyoosha mkono bila woga, kwa kuwa naye aliamini. Kavumbi akammiminia spiriti yote iliyobaki, toka kiganjani hadi kiwikoni. Shoka likamgusa, moto ukapanda mpaka kwenye shati.

Mganga akatangaza kwamba hata moto wa kwanza ulikuwa uchawi wa Dena, na kwamba aliyemla mtoto ni baba yake. Marungu yakahama.

“Shemeji,” Dena alisema, akimtazama yeye tu, “mimi sikumla mwanangu.”

Kavumbi alijua. Katika watu wote wale, yeye peke yake alijua, na neno moja lingetosha. Akamtazama yule mwenye kuti linalowaka, amesimama karibu na paa lake. Akanyamaza. Walimpiga Dena mpaka akawa hatambuliki, kisha wakaendelea kumpiga.

Polisi walikuja wakaenda. Hakuna aliyeona kitu. Nyumba haikuchomwa. Kavumbi aliendelea kumpelekea Kioko rangi kwa miaka, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekunjamana, Kadii ndiye aliyekuja kumsaidia kutwanga.

“Dada,” Kadii alimwambia siku moja, machozi yakimlengalenga, “bila wewe ningekuwa nalala na muuaji wa mwanangu hadi leo.”

Kavumbi akamwambia ageuze wali, usije ukashikana.