Programu Iliyotaka Majina ya Simu

Jioni moja, nyumbani kwa dada mmoja mtengeneza tovuti, mama yake mdogo, fundi cherehani, alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, akatoa simu yake na kuisukuma mezani.

"Mwanangu, nimefuta picha zote za mitindo. Hata za marehemu baba yako mdogo nimezifuta. Bado inasema hakuna nafasi."

"Nafasi ya nini, mama?"

"Ya hicho kidude cha kliniki. Wamesema nisipokuwa nacho sipangiwi siku ya kupima sukari."

Kidude chenyewe dada yule alikijua. Kurasa zake alizitengeneza yeye: tarehe, saa, jina la daktari, namba ya kliniki, basi. Miaka tisa ya kutengeneza tovuti ilimfundisha kuandika kidogo, na kurasa zile zote kwa pamoja hazikuzidi uzito wa picha mbili. Kuzifunga ziwe programu ya simu ilikuwa kazi ya watu wa chumba cha pili ofisini kwao, naye hakuwahi kuuliza wamezifungaje. Sasa akasoma kwenye kioo: MB mia moja themanini na sita. Chini yake programu iliomba kusoma majina yote ya simu, kusikiliza kipaza sauti, na kujua mwenye simu yuko wapi.

Asubuhi yake, kabla hajagusa chai, alikifungua kifurushi cha programu ile, faili moja baada ya jingine. Mlikuwa na kivinjari kizima, utadhani simu za watu hazina chao. Mlikuwa na herufi za lugha ishirini na ushei. Na mlikuwa na kipande cha programu kilichoandikwa na kampuni ya matangazo, ambacho kila mara programu ilipofunguliwa kilikusanya majina ya simu na kuyapeleka kwenye seva asiyoijua. Alisoma mstari ule mara tatu. Nusu ya hasira yake ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa kujitia hamnazo muda wote ule.

Akaenda moja kwa moja kwa bosi, ambaye ofisi nzima ilimwita Mkuu.

"Mkuu, majina ya simu ya nini kwenye programu ya kliniki?"

Mkuu hakuinua macho. "Kipande kile tulipewa bure, kinatuletea takwimu. Na watu wanabonyeza kubali, hawasomi."

"Hawasomi kwa sababu wameambiwa wasipobonyeza hawamwoni daktari. Mama yangu mdogo amefuta picha za mumewe ili sisi tupate pa kumwaga takataka zetu."

"Usilete mambo ya nyumbani ofisini, dada."

"Simu zenyewe ziko nyumbani kwa watu."

Alhamisi daktari mkuu wa kliniki alikuja kuonyeshwa kazi. Mkuu alieleza hili na lile, na alipofika kwenye "usalama wa hali ya juu", dada akasimama na kuomba dakika mbili. Aliunganisha kwenye projekta simu ya majaribio aliyoijaza majina ya kubuni, akaifungua programu. Ukutani, wote wakayaona majina yakitoka, moja moja.

Daktari akavua miwani. "Yanakwenda wapi?"

Mkuu akawatazama watu wa chumba cha pili.

"Nimeuliza, yanakwenda wapi?"

"Hatujui, daktari," akajibu dada. "Na hilo ndilo baya zaidi."

Programu iliondolewa siku ileile. Aliiandika upya kwa wiki mbili, ikatoka na MB tatu, haiombi kitu. Majina yaliyokwishakwenda hayakuwa na namna ya kurudi, kwa hiyo aliandika ujumbe wa kuwaeleza wagonjwa. Mkuu alilifuta neno "samahani". Yeye akalirudisha, ujumbe ukaenda nalo.

Tangu hapo haitwi tena kwenye vikao vya wateja. Juzi tu alimsikia Mkuu, ng'ambo ya ukuta, akiwaambia wageni kwamba wazo la programu nyepesi lilikuwa lake tangu mwanzo. Akasaga meno, akaandika karatasi, akaibandika kwenye mlango wa chumba cha pili: hakitoki kifurushi hapa kabla sijakifungua. Jioni akaikuta imebanduliwa. Akaandika nyingine, kwa herufi kubwa zaidi, na safari hii akaibandika kwa gundi.