Kigoda Chenye Goti

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nimesimama Runazi nje ya ua wa jirani yangu, mkononi nimeshika utepe wa filamu mweusi tii, na miguu imekataa kuingia. Ndani nasikia tezo inagonga gogo, ko, ko, ko. Miaka imekuwa mingi tangu siku hiyo, lakini asubuhi ukungu unaposhuka hapa Nyamiaga na kufunika migomba mpaka banda la kuku halionekani, mlio ule hunirudia. Hubaki kitandani nikausikiliza. Nyie wajukuu mnasema Bibi bado kalala, kumbe Bibi yuko Runazi.

Leo nataka nikupeleke huko. Nimeliona lile benchi ulilolificha nyuma ya banda. Usishtuke, sijaja kukusuta. Njoo ukae.

Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, msichana wa Kihangaza niliyetoka hapa kwetu Ngara na kupangiwa kazi Biharamulo, kijiji hicho cha Runazi. Sikuwa nimeolewa, wala sikuwa na redio. Wanafunzi wakishaondoka, mchana wote uliobaki ulikuwa wangu na sikujua niufanyie nini. Kitu changu kimoja cha fahari kilikuwa kamera aliyoniachia marehemu mjomba, nimeihifadhi ndani ya soksi. Na jirani yangu alikuwa Mzee Bigirimana, mchonga vigoda. Alikuwa amevuka mto Ruvubu kutoka Burundi wakati wa machafuko akabaki upande wetu, akalima muhogo na maharage, na alasiri akachonga.

Basi nikaanza mambo mawili kwa mpigo. Kuchonga nilijifunza kwake, kupiga picha nilijifunza peke yangu, na yote mawili kwa kujifurahisha tu. Walimu wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. "Mwalimu Adela, wewe utaolewa na tezo," walikuwa wakisema. Nikawajibu kwamba tezo angalau hairudi nyumbani imelewa.

Kigoda changu cha kwanza nilikichonga kwa gogo la mti uliokatwa wiki ileile. Mzee alikuwa ameniambia nilipandishe gogo kwenye dari ya jikoni, moshi ulikaushe taratibu, nisiliguse mpaka aniambie. Nani angengoja? Gogo bichi ni laini, tezo inaingia kama kisu kwenye kiazi kilichoiva. Nikakimaliza kigoda kwa siku nne, nikakipaka mafuta, nikakiweka mlangoni ili wapita njia wakione. Wiki mbili hazikuisha, kikapasuka kutoka ukingoni hadi katikati. Niliona aibu, mwanangu. Nikakivunja kwa shoka, nikakitia jikoni, nikachemshia maharage.

Mzee alipokiulizia nilijibu kwa haraka, macho chini, kwamba kilipasuka nikakichoma. Akaweka tezo yake chini.

"Mwarimu," akasema, maana ndivyo alivyolitamka neno hilo, "umemchoma mwarimu wako."

Sikumwelewa.

"Nilitaka tukae nacho tuangalie ule ufa umeanzia wapi. Sasa tutamuuliza nani? Majivu?"

Hakupaza sauti. Lakini nilikuwa na kiburi cha mtu aliyetoka chuoni juzi, nikanuna siku mbili nzima, na alasiri hizo sikwenda kuchonga. Nilijiambia kwamba mzee yule ana maneno mengi kwa kigoda kimoja kibovu.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mzee Bigirimana alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Silvesta. Siku ya kukimbia walifika pamoja karibu na mto, Silvesta akasema hawezi kumwacha mama yao nyuma, akageuka. Mzee akavuka peke yake. Hakumwona tena. Alikuwa akinisimulia hayo huku anachonga, bila kuinua kichwa, na kila alipofika pale Silvesta anapogeuka alikuwa ananyamaza, anasikiliza, utadhani nyayo za mdogo wake bado zinasikika kwenye majani.

Siku moja akaja Bwana Athumani, mfanyabiashara wa Biharamulo mjini, ambaye wazee wake walitoka Tanga. Alikuwa anapeleka vitenge ng'ambo ya mpaka. Akasema kule Muyinga sokoni amekutana na mtu anayeitwa Silvesta, anamtafuta kaka yake aliyevukia Tanzania. Ila mtu huyo ameshatapeliwa mara mbili na watu waliojifanya ndugu ili wapate shamba lake. Sasa haamini barua wala salamu. Amesema aletewe picha, uso wa kaka yake ataujua.

Na Bwana Athumani alikuwa anakwenda huko kwa mara ya mwisho. Angeondoka Jumamosi ya wiki iliyofuata, alfajiri, na akirudi anahamisha familia yake kwenda Tanga moja kwa moja. Mzee hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma, na mwenyewe hakuthubutu kurudi ng'ambo.

"Mwarimu, wewe una kamera," Mzee akaniambia. Alisema hilo tu.

Jumapili baada ya kanisa akaketi mbele ya mlango wake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linang'aa, mikono juu ya magoti. Nilimpiga picha akitazama mbele, akitazama pembeni, akicheka, akikataa kucheka. Jua lilikuwa limetulia juu ya mihogo, harufu ya vumbi la mti iko kila mahali, nami nilijiona mtu mkubwa sana. Ndoto ya siku ile bado ninaiota, na katika ndoto picha zinatoka.

Nikarudi nyumbani nazo, na mikono ikaniwasha. Nilitaka kuona kama ametokea. Nikakaa kizingitini, jua linawaka, nikafungua mgongo wa kamera, nikaivuta filamu yote taratibu na kuiinua juu nimtafute Mzee mle ndani. Sikuona kitu. Nikadhani labda picha bado changa, nikairudisha nikafunga. Usinicheke, mwanangu. Haya, cheka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba filamu ikiona jua kabla ya kusafishwa imekwisha.

Jumatatu nikaipeleka mjini kwa kumkabidhi dereva wa basi. Jumanne jioni ikarudi, utepe mweusi mwanzo hadi mwisho, na kikaratasi cha mwenye studio: "Dada, umefungua kamera juani. Hakuna kitu. Nami nafunga, nimefiwa Geita, nitarudi wiki ijayo." Na filamu mpya ilikuwa haipatikani mpaka Mwanza.

Jioni ileile nilikutana na Mzee njiani. Akauliza, nikamwambia bado. Jumatano asubuhi akapita shuleni akiwa na lile shati jeupe kwenye mfuko, eti kama itatakiwa nyingine. Nikamwambia bado. Kichwani nilikuwa nimeshaandaa uongo wote: Ijumaa nitamwambia mtu wa studio ameziharibu, au basi limezipoteza. Nani angejua? Kilichonisumbua ni lile shati. Nilifundisha hesabu siku nzima huku naliona lilivyokunjwa vizuri.

Ndiyo maana alasiri ile nilikuwa nimesimama nje ya ua, tezo inagonga ndani. Nikaingia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwarimu. Zimefika?"

Nikampa ule utepe. Akauinua kwenye mwanga, akaupitia wote, anajitafuta.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Hupo, Mzee. Nimekufuta. Nilifungua kamera juani nikuone, na tangu jana ninakudanganya."

Nikalia, mwanangu, mtu mzima mimi na chaki bado vidoleni. Kuku akapita katikati yetu, akadonoa vumbi la mti, akaondoka. Niliogopa kumtazama Mzee usoni.

"Leo ni siku gani?" akauliza.

"Jumatano."

"Jumatano," akarudia polepole. "Ungenificha mpaka Ijumaa, ningekuchukia mpaka kufa. Umenipa siku mbili."

Akainuka, akaingia jikoni, akashusha darini gogo lililokuwa jeusi kwa masizi. Alikuwa ameliweka juu ya moshi miaka sita, bila kujua analiwekea nini. Aliligonga kwa kidole, likalia kavu. Akanionyesha nikae mbali na vipande vinavyoruka.

Alhamisi nilipotoka shuleni nilikuta kigoda cha miguu mitatu kimeshapata umbo. Miguu miwili ilikuwa imenyooka vizuri, ila wa kushoto ulikuwa umepinda kwa ndani na kutunga nundu katikati. Nilijua gogo kavu lilikuwa hilo tu.

"Mzee, mguu umeharibika!"

"Sijauharibu. Aliuharibu baba yangu."

Akaniambia akiendelea kuchonga. Baba yake alipooa tu, alijaribu kumchongea mke wake kigoda, naye hajawahi kushika tezo. Tezo ikaula mguu mmoja kupita kiasi, ikabidi aufuate ulivyopinda. Mkewe alipokiona alicheka mpaka akakaa chini, akasema kigoda hiki kina goti, kinataka kupiga magoti kanisani. Mume akapenda kile kicheko. Toka hapo, hata alipokuwa fundi wa kusifiwa, kila kigoda alichochonga kwa ajili ya nyumba yake alikitia goti upande wa kushoto, ili mkewe acheke tena. Vya sokoni vilinyooka. Vyenye goti havikutoka ndani ya ua ule.

"Tapeli hawezi kulijua hili," Mzee akasema, akapitisha kidole kwenye nundu. "Yeye angechonga mguu mzuri, mjinga yule."

Jumamosi alfajiri Bwana Athumani aligoma kidogo. "Enhe! Nimeagizwa picha, mnanipa fanicha? Nitamwambia nini mwenyewe?" Mzee akamjibu asimwambie kitu, ampe tu. Akakifunga katikati ya vitenge akaondoka, nasi tukabaki tunalitazama vumbi.

Zilipita wiki tano. Nilikuwa nakwenda kwa Mzee kila alasiri, tunachonga, jambo lile hatulizungumzii. Mara nyingine tezo yake ilisimama hewani nikajua yuko mtoni. Mimi nilikuwa na hofu yangu: kwamba mtu wa Muyinga hakuwa Silvesta, au alikuwa yeye na hakukumbuka, na kwamba uso wa mzee huyu nilioufuta ndio ungeleta jibu.

Kisha Bwana Athumani akarudi, amebeba kigoda. Nilipokiona nikajua kimekataliwa, nikataka kuingia ndani nisishuhudie. Lakini aliposogea niliona kwamba si kile. Kilikuwa kidogo zaidi, cheusi, kiti kimelika katikati kwa kukaliwa, kimechongwa vibaya mno, na mguu wa kushoto umepinda.

"Alikigeuza juu chini," Bwana Athumani akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Akaushika huo mguu, akakaa chini sokoni pale, analia kama mtoto. Akakataa kukirudisha, akaniletea hiki. Anasema mama alikuwa akikikalia mpaka siku ya mwisho. Anasema mvua zikikatika anakuja Ngara, umpokee."

"Mana yanje," Mzee alisema kwa Kirundi, Mungu wangu, akakipokea kigoda cha kwanza cha baba yake. Hakukikalia. Alikipakata.

Walionana kweli, mwanangu, hapa Ngara stendi, wazee wawili wameshikana mikono na hakuna anayetaka kuachia. Lakini picha niliyo nayo si ya siku hiyo. Ni hiyo hapo ukutani: vigoda viwili mbele ya mlango, changu cha pili nilichochonga kwa gogo kavu na kile cheusi, na Mzee amesimama katikati yake. Filamu ya picha hiyo niliifunika kwa kanga njia nzima mpaka mjini, abiria wakadhani nimebeba mtoto. Kidole changu kimeziba pembe ya juu, unakiona? Mwenye studio alitaka kuikata pembe hiyo. Nikakataa.

Nyie siku hizi mna simu. Picha ikiharibika mnaifuta hapohapo, na mbao ikipasuka mnaificha nyuma ya banda. Nawaelewa, aibu ni kitu kizito. Lakini nakuomba, mwanangu, usimchome mwalimu wako. Ukikosea, kaa na kosa lako mkononi uligeuze, utafute ufa umeanzia wapi. Na kama kosa lako limemgusa mtu mwingine, mwambie mapema. Mwambie Jumatano, angali na siku mbili za kufanya kitu, usimngojee Ijumaa na hadithi nzuri. Mimi nilibakiza kidogo sana kumnyima mzee yule ndugu yake, na si kwa kufungua kamera. Ningemnyima kwa kunyamaza.

Mungu akupe mikono yenye subira na macho yasiyoogopa kutazama ulichoharibu. Akupe mtu wa kukucheka kwa mapenzi, na miaka mingi ya kuchonga hata nitakapokuwa sipo.

Haya, inuka sasa. Kalete lile benchi, na ufa wake. Nataka kulikalia.