Anaupenda Wimbo Nilioutunga Nikimchukia

Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji changu. Mimi ni mjane wa miaka sitini na tisa, nimesoma hadi darasa la saba. Ukifika upande wa Masumbwe ukamuulizia mama wa kanda ya nyimbo za Injili, wakubwa watakuonyesha nyumba yangu. Kanda ile niliimba peke yangu, miaka ya themanini, wakati mwanangu Ester bado ni wa kubebwa mgongoni. Watu huniuliza nyimbo zile nilizipata wapi. Siku zote nimejibu kwamba ni Mungu tu. Leo nataka kusema.

Mume wangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Mtu mpole. Akirudi kutoka machimboni alivua viatu mbali na mlango ili vumbi lisiingie ndani, halafu akaingia akinyata kama mgeni. Alipenda kunisikiliza nikifanya mazoezi ya kwaya huku nasonga ugali. Mimi kwenye kwaya niliimba sauti ya pili, miaka yote, kwa hiyo nyumbani nilikuwa naimba hiyohiyo. Alinitania: "Mama Ester, mbona huu wimbo hauna kichwa? Kila siku unaniletea tumbo tu!"

Siku moja mwenye duara, yaani lile shimo walilokuwa wakichimba, alileta mganga. Wakachinja mbuzi mdomoni mwa shimo kabla ya watu kushuka. Aliyekataa kusogea hakupewa kazi. Mume wangu aliniambia mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa: "Nilishika miguu ya mbuzi tu, mke wangu. Sikusema neno." Lakini alikuwa ameonekana, na habari zikafika kwa mwalimu wetu wa kwaya. Wiki hiyohiyo duara likaporomoka, likamfunika.

Kwaya ilikuja mazishini na sare. Mchungaji alikuwa safarini, hivyo mwalimu wa kwaya ndiye aliyeongoza. Jeneza liliposhushwa nikangoja waanze. Akawageukia akasema, watu wote wakisikia: "Kwaya hii haimwimbii mtu wa kafara. Tumekuja kumpa pole mama, basi."

Baba mkwe akamsihi: "Mwalimu, marehemu hasikii, ila mjane anasikia. Imbeni hata ubeti mmoja."

"Mwiteni mganga wake aimbe."

Wapo waliocheka. Nawakumbuka waliocheka.

Basi nikaimba mimi. Lakini wimbo ulionijia niliujua kwa sauti ya pili tu. Ile ya kwanza, ambayo ndiyo watu huijua, sikuwahi kujifunza. Nikaimba hiyo niliyokuwa nayo. Watu wakatazamana, hawakuutambua wimbo ambao waliuimba kila Jumapili. Hakuna aliyeitikia. Zilisikika koleo na mimi.

Baada ya arobaini nilirudi mazoezini. Mwalimu akaniambia mbele ya wenzangu nikapumzike kwanza. Nikasema nitaimba mwenyewe. Akacheka: "Sauti ya pili peke yake ni mboga bila ugali, mama. Utamlisha nani?"

Kanda yangu ilianzia hapo. Nyimbo zote nilizitunga kwa sauti ya pili, na juu nikaacha pengo, pengo la watu waliofunga midomo yao. Wasikilizaji husema nyimbo zangu zina utulivu wa ajabu. Si utulivu ule. Wimbo wa viatu mlangoni, mnaodhani ni wa msafiri anayeingia mbinguni, ni viatu vya mume wangu. Ule wa mikono iliyoshika bila kusema, mnadhani ni Simoni wa Kirene na msalaba. Ni mume wangu na yule mbuzi.

Na "Mwongezee Siku", huu mnaouimba kwenye shukrani na siku za kuzaliwa, niliutunga kwa ajili ya mwalimu wa kwaya. Niliutunga nikipepeta mpunga, na kila nilipopepeta nilitaja jina lake. Nilimwomba Mungu asimchukue mapema. Aishi anisikie redioni. Amwone mtoto wa mtu wa kafara akisoma mpaka awe muuguzi. Awazike wa kwake, ajue kaburi lina ukimya wa namna gani.

Mungu alinisikia. Mwalimu amepita miaka tisini. Amemzika mkewe, amezika wanawe wawili, haoni vizuri. Tukikutana ananishika mkono kwa mikono yake miwili: "Mayu, mama yangu, wimbo wako ndio umenifikisha hapa." Sijui kama amesahau au anajisahaulisha.

Sasa familia yake inamfanyia ibada ya shukrani Jumapili ijayo. Ameniomba nikaimbe wimbo huo. Mchungaji wetu, kijana mzuri asiyejua lolote, amesema kabla ya kuimba nieleze kilichonisukuma kuutunga. Na mzee ametuma ujumbe kwamba atasimama aniimbie sauti ya kwanza, maana wimbo umekaa miaka yote bila hiyo.

Siku niliyopata ujumbe huo sikula.

Ester ananiambia, "Mama, mwache mzee wa watu."

"Na baba yako alikuwa mtu wa nani?"

Akasema, "Ukisema, hakuna atakayeuimba tena. Utakuwa umeuua wimbo wako."

"Acha ufe."

Nilisema hivyo kwa hasira, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika. Nimekubali kwenda. Nitapewa kipaza sauti, na wajukuu wake wote watakuwa wamekaa mbele. Nyie mliozika waume, na nyie mnaowapikia jioni hii, naomba mnisaidie kuamua kabla ya Jumapili: nimwambie pale, au nimwache afe akiupenda?