Kilo Sita za Jabali

Kiti, mlinzi wa ghala letu la majani chai Shimanzi, alikuwa mnene, na mbwa wake Jabali akamfuata kwa mwili. Siku mwizi alipomruka Jabali kama anayeruka mtaro, akaondoka na gunia begani, Nadeem mwenye ghala alimpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo. Aliporudi akamwita Kiti.

"Sikiza. Kikombe cha nyama isiyo mafuta na kikombe cha boga, asubuhi na jioni. Siku ya pili ya Idi tutampima. Asipopungua kilo sita, hamuna kazi kwangu, wewe na yeye."

"Sawa, tajiri."

Kiti alifurahi, mjinga wa watu. Ramadhani ilikuwa inaingia kesho yake. Sisi wapakiaji tutafunga, nani atamtupia mbwa makombo? Yeye si Mwislamu, akaisahau magharibi, saa ya kufuturu. Jioni ya kwanza Mejumaa, mfagiaji wa ofisi, akamletea mihogo ya nazi na kaimati. Nyuma yake zikaja sahani zetu wapakiaji.

"Kula, kaka Kiti. Nasi twapata thawabu."

Miaka yote kilichomshinda alimpa Jabali. Sasa angekataa angetuudhi, na kumwaga chakula mbele yetu asingethubutu. Akala yeye. Sahani nne kila jioni, Jabali akimtazama huku mate yakimtoka. Mbwa akilia, Kiti alimpiga teke, ingawa ndiye aliyemlea tangu kitoto. Sahani ya nne ilikuwa yangu. Niliijaza makusudi, nione atafika wapi.

Siku ya kupima, Jabali alipanda mizani ya magunia. Kilo sita zote zimekwenda. Kiti alitokwa na machozi.

"Kimbia mpaka getini," Nadeem akamwambia, "tuone kama atakushika."

Kiti alikwenda hatua kumi, akaketi chini akihema. Jabali akampita, akafika getini peke yake. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

"Panda mizani wewe," Nadeem akasema. Kilo mia na kumi na tisa. "Mbwa amepona. Mlinzi ndiye hawezi. Lete funguo."

"Tajiri, nilikula mimi ili yeye apungue!"

"Nimekusikia. Funguo."

Kiti akazitoa. Kisha akamwendea Jabali, akanyoosha mkono amshike kichwa, amuage. Jabali akarudi nyuma, akamwonyesha meno yote.

"Naam," Nadeem akasema. "Sasa huyo ndiye mbwa."