Jina la Kaka Yake

Miezi minane baada ya kushuka basi mjini Durban, Libérate Ninahazwe alikuwa bado hawezi kukaa kwenye kiti nusu saa nzima. Kitandani aligeuka na kugeuka mpaka shuka likaachana na godoro. Saluni alisuka amesimama, hata wenzake wakivuta viti, na akimaliza kichwa kimoja anatafuta ufagio. Henriette, mwenye saluni, mama wa Bukavu asiyeinuka bila sababu ya maana, alikuwa akimtazama na kutikisa kichwa.

“Libé, ikala basi. Unanichokesha macho.”

Libérate anakaa. Dakika tano hazijaisha, yuko mlangoni anaangalia teksi.

Ukweli ni kwamba kilichokuwa kikimwasha kilionekana kutoka dirisha la jikoni pale mtaani Umbilo, alikoishi nyuma ya pazia katika chumba cha kaka yake Gadiel. Ukiinua macho juu ya mapaa unaona kilima, na juu ya kilima jengo la zamani lenye kuba. Ndicho chuo kikuu. Kimekaa huko juu tangu babu zao hawajaoa, kinautazama mji na winchi za bandarini.

Mara ya kwanza kupanda alikwenda kusuka. Wasichana wa bwenini walimpigia simu Henriette, na Henriette, ambaye na vilima hawapatani, akamtuma yeye. Libérate alipiga pasi sketi, akavaa viatu vya kufunika vidole, maana chuoni huendi hovyo. Alisoma Bujumbura, akafundisha hisabati Gitega miaka minne, na kote huko mwanafunzi mwenye shati lililokunjamana aliishia mlangoni. Hapa akakuta vijana wa kaptula na kandambili, mmoja peku kabisa, wanaingia ukumbi wa mihadhara kama wanaoingia bafuni. Akamsikia msichana anamwita profesa kwa jina lake la kwanza huku anatafuna chipsi. Profesa akaitika. Libérate alichukizwa sana. Njiani kurudi akagundua kwamba anamwonea wivu msichana yule, na chipsi zake.

Mji wenyewe ulimchanganya. Nyumba kuukuu za kilimani, zenye veranda pana na madirisha marefu, zimekatwakatwa vyumba vya wanafunzi hadi sebule inalaza watatu. Tumbili wanaingia jikoni mchana kweupe, wanaondoka na mkate, na wenye nyumba wanalaumiana kwa kuacha dirisha wazi. Tumbili halaumiwi na mtu. Teksi husimamishwa kwa kidole, na kila uendako kuna kidole chake. Wiki ya kwanza yeye alionyesha anachojua mwenyewe, akajikuta Isipingo, mbali kabisa kusini mwa mji, amebeba kabichi.

Lakini kilichomkosesha usingizi hasa ni maktaba. Mlango wake haukufunguliwa na mtu, ulifunguliwa na kadi ya mwanafunzi. Kila alipomaliza kusuka alipitia pale, akasimama nje ya kioo kuhesabu rafu, watu wakipita kando yake wakigusisha kadi bila hata kuitazama. Tusizunguke: Libérate aliitaka kadi ile. Tangu aondoke kwao hakuwa ametaka kitu kingine kwa kiasi hicho.

Basi akaomba nafasi. Kozi ya ualimu ya mwaka mmoja, ili diploma yake ya Burundi imruhusu kufundisha hapa. Mfuko wa kanisa ukakubali kumlipia. Barua ya kukubaliwa ikaja, imeandikwa Libérate Ninahazwe, naye akaisoma akitembea chumba chote mpaka Gadiel akamwambia atatoboa sakafu.

Siku ya kujiandikisha ilikuwa Jumatano ya Februari, joto la kushikana na nguo. Karani, mwanamume mpole mwenye miwani, aliiweka diploma kushoto na karatasi ya ukimbizi kulia. Akazitazama, akazibadilisha upande, akazitazama tena.

“Diploma inasema Ninahazwe. Karatasi hii inasema Libérate Niyongabo. Umeolewa?”

“Hapana.”

“Uliolewa mkaachana?”

“Hapana.”

“Sasa huyu Niyongabo ni nani?”

“Ni kaka yangu,” alisema Libérate.

Hapa inabidi tueleze, maana hata Wakongomani waliokaa jengo moja na Warundi miaka kumi bado jambo hili huwapita kando. Kwa desturi ya Burundi mtoto habebi jina la baba. Kila anayezaliwa baba humpa jina lake mwenyewe, mbele ya watu, nalo ni lake peke yake. Baba yao aliitwa Barthélemy Ntakirutimana. Mtoto wa kwanza akamwita Niyongabo, wa pili Ninahazwe. Tumbo moja, baba mmoja, na ukisoma majina yao utadhani ni abiria wa basi.

Gadiel alitangulia Durban miaka sita. Siku zake za mwanzo, kwenye foleni ya wakimbizi, alimwona mama wa Kirundi akizuiwa siku tatu kwa sababu jina lake na la mwanawe hayakufanana. Hilo halikumtoka kichwani. Libérate alipofika, akamfundisha wakiwa bado kwenye foleni: “Dirishani sema Niyongabo. Hapa jina ndilo undugu.” Mwenyewe akala kiapo kwamba ndilo jina la dada yake. Yakaisha kwa dakika kumi. Walitoka wanacheka, wakanunua mkate uliojazwa mchuzi wa maharagwe, wakaula wamesimama barabarani. Walijiona wajanja kweli.

Karani hakucheka. Alisema Libérate alete kiapo chenye muhuri wa polisi kinachoeleza kwa nini majina ni mawili, na chuo kitamsajili wakati anasubiri karatasi irekebishwe. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi inakwenda kwa anayefuata, na anayefuata, msichana mmoja, alikuwa ameshakaa kwenye benchi la nje na mama yake.

Gadiel alirudi jioni kutoka bandarini, anakofunga makontena kwenye malori, mikono imechubuliwa na minyororo. Libérate hakumngoja hata avue viatu. Alimwambia yote. Yeye akamsikiliza huku amekamata kiatu kimoja.

“Unataka nikaseme polisi kwamba nilidanganya?”

“Nitasema mimi, kaka. Wewe kaa kimya.”

“Ukijiandika wewe umeniandika na mimi. Kiapo ni changu. Karatasi yangu inaisha mwezi ujao, Libé. Nikifika dirishani na hilo kwenye faili, je?”

Kaka huyu ndiye aliyemtumia nauli, akampa kitanda, yeye akalala chini. Na jioni ile, akimwangalia anavyokula ugali kimyakimya, alimchukia. Alimchukia kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Akaosha vyombo, kisha akaviosha tena.

Alhamisi alisuka mistari ikaenda upande. Mteja akajitazama kwenye kioo akanyamaza, na kunyamaza kwa mteja wa Durban ni jambo zito. Henriette akamfumua mteja na kumsuka upya kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu mwaka uliopita. Walipobaki wawili akamvuta Libérate pembeni.

“Ile diplome ndio inakusumbua? Iko mutu mumoja kule chini ya daraja, anazitengeneza. Asubuyi unapeleka, mangaribi unapata, na jina Niyongabo juu. Nani atajua?”

“Mimi nitajua, Maman Henriette.”

“Wewe unajua mingi sana, ndiyo maana hauikale.”

Libérate aliwaza habari ya mtu wa chini ya daraja kwa muda mrefu kuliko angependa tuandike. Alifika hadi kwenye ngazi za kushukia chini ya daraja. Akajiambia: jina moja la uongo limenifikisha hapa, la pili litanipeleka wapi? Akapanda teksi akarudi nyumbani. Gadiel alikuwa amelala, au amejifanya.

Ijumaa saa tatu asubuhi aliingia kituo cha polisi peke yake. Kaunta ilikuwa na mama mmoja mnene wa Kizulu mwenye kofia ya polisi na kikombe cha chai ya maziwa. Akampa fomu. Libérate akaandika: jina lake, jina la kaka, jina la baba, foleni, dirisha. Polisi akasoma taratibu. Alipofika katikati akarudi juu.

“Sisi,” alisema, yaani dada, “unaniambia baba yenu ni mmoja?”

“Mmoja, mama.”

“Na kila mtu ana jina lake la ukoo?”

“Hilo si la ukoo. Ni lake yeye.”

“Eish.” Mama yule akaweka kikombe chini. Kwake jambo hili lilikuwa kubwa kuliko uongo wa dirishani. “Sasa mtu akija kukuposa, utajuaje kwamba si ndugu yako? Mimi namuuliza jina la ukoo tu. Likiwa langu, hapo hapo yameisha.”

“Kwetu watu wanajua. Wazee wanajua mtoto huyu ni wa nani, mlima mzima wanakoishi unajua.”

“Na hapa Durban mlima uko wapi?”

Swali lile lilimchoma kuliko yote ya wiki hiyo, kwa sababu mlima wake wote katika nchi hii ulikuwa mtu mmoja, naye alikuwa bandarini akifunga minyororo.

“Nitakupigia muhuri,” alisema polisi, kwa upole sasa. “Kuapa ni haki yako. Lakini hayo ni maneno yako peke yako. Mimi ningekuwa chuo, ningesema huyu kaokota diploma ya mtu. Huyo kaka hawezi kuja?”

“Hawezi.”

Ilikuwa saa nne na nusu. Mama yule akachukua muhuri, akaupuliza, na mlango ukasukumwa. Gadiel aliingia na fulana yake ya kung’aa ya bandarini, vumbi mpaka kwenye kope. Hakumtazama dada yake. Alikwenda moja kwa moja kaunta.

“Naitwa Gadiel Niyongabo. Huyu ni dada yangu. Jina lake ni Ninahazwe, baba alimpa mbele ya watu na mimi nilikuwepo, nina miaka sita. Jina langu nilimvalisha mimi.”

Polisi alimsogezea fomu nyingine. “Unajua ukitia sahihi hapo umesema nini?”

“Najua.”

“Umesema uliidanganya serikali.”

“Mama, najua. Nipe kalamu.”

Akaandika kwa herufi kubwa, kama watu wanaoandika mara chache, ulimi umetoka kidogo. Muhuri ukapigwa mara mbili, kwake na kwa dada yake. Nje, jua likiwa kali, Libérate alimshika mkono wa fulana. Alitaka kumwomba radhi kwa chuki ya Jumatano, ambayo kaka yake hakuijua, lakini akauliza jingine.

“Na mwezi ujao, kaka?”

“Mwezi ujao nitawaambia haya haya.”

“Wakikukatalia je?”

Gadiel alitazama viatu vyake. Uso wake ulikuwa na hofu na hakujaribu kuificha. “Nenda,” alisema. “Saa inakwenda, na mimi nimeacha lori nusu.”

Libérate alipanda kilima kwa miguu kwa sababu teksi zilikuwa zimeziba kwenye roboti, yaani taa za barabarani, na kungoja hakuweza. Alipita nyumba za veranda, akampita tumbili mwenye ganda la ndizi, akaingia ofisini jasho linachuruzika. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Yule msichana na mama yake walikuwa bado kwenye benchi. Libérate hakuthubutu kuwaangalia.

Karani alisoma viapo vyote viwili, akavua miwani, akaivaa tena. Halafu akavuta fomu ya usajili.

“Kaa,” alisema.

Libérate akakaa, ingawa miguu chini ya meza ilikataa kutulia. Fomu ilitaka jina la mwanafunzi. Ikataka jina la baba. Ikataka jina la ndugu wa karibu, na uhusiano wake na mwanafunzi. Akayaandika moja chini ya lingine: Ninahazwe, Ntakirutimana, Niyongabo. Pembeni mwa la mwisho akaandika: kaka. Karani akageuza fomu upande wake, akaweka kalamu chini ya majina yale, akasita.

“Una hakika hujakosea mahali?”

“Sijakosea,” alisema Libérate. “Sasa yote ni ya kweli.”