Gemu la Treni Ambalo Dereva Anashuka

Baba alikuwa dereva wa treni za mizigo kwa miaka ishirini na saba. Reli ilipokabidhiwa wawekezaji na wafanyakazi wakapunguzwa, alitoka na cheti cha shukrani, saa ya mkononi na sufuria ya lita tano. Nani alikaa ofisini akaamua kwamba mwanamume anayestaafu anahitaji sufuria, sijui mpaka leo. Ilimbidi ahame nyumba za wafanyakazi wa reli. Mama alikuwa ameshafariki, na kati ya watoto wake mimi ndiye niliyekuwa Nairobi, kwa hiyo akaja kuishi nami Kangemi, vyumba viwili na choo cha nje.

Kangemi ina kila aina ya kelele isipokuwa ya treni. Baba aliamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea, akanyoa ndevu, akavaa shati la kazi, akakaa kwenye kiti. Basi. Nilimwacha kwenye kiti nikienda kazini na nilimkuta kwenye kiti nikirudi. Nikimuuliza ameshindaje, anasema vizuri. Nikimuuliza anataka kula nini, anasema chochote. Mimi si mtu wa kuvumilia chochote na vizuri kwa miezi minane. Nilianza kuogopa kwamba atanifia kwenye kiti kile huku amenyoa ndevu.

Nilikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya meno huko Lavington. Kila asubuhi nilishuka kwa miguu nikikatisha Muthangari, nikapita mageti na walinzi wake, nikafika na vumbi la Kangemi kwenye viatu na kuwakaribisha watu waliokuja na magari yao kuogopa sindano. Mhasibu wetu alikuwa na gemu la treni kwenye kompyuta yake, akilicheza saa ya chakula. Siku moja nilisimama nyuma yake nikaona mikono ya breki, geji, reli inayokuja mbele, nikasema moyoni, huyu hapa Baba. Kliniki ilipobadilisha kompyuta nikaomba moja ya zile kuukuu. Nilipewa, na kioo chake kikubwa kama kabati la vyombo. Kilichobaki ni kununua gemu.

Jumamosi mchana nikaenda naye mjini, kwenye jengo mojawapo la vibanda vile tunavyoita eksibisheni, ambako mtu anauza viatu, mwingine anasuka nywele na wa tatu anauza diski, wote ndani ya nafasi ya duka moja. Baba alivaa koti lake la harusi na mazishi. Muuzaji wa diski alikuwa mwanamke wa makamo yangu, na redio yake ilikuwa juu mpaka meza inatetemeka.

"Karibu siste. Movie ama game?"

"Game ya treni."

"Iko mbili. Hii ni ya kitambo kidogo, lakini iko poa, haisumbui mashine. Hii ingine ndio mpya. Hiyo ni moto, lakini inataka mashine iko na nguvu. Yako iko aje?"

Nikamweleza yangu ilivyo. Alinionea huruma bila kuificha.

"Basi chukua hii ya kitambo, usijisumbue."

Nilikuwa tayari nafungua mkoba. Baba akanishika mkono.

"Ngoja, mama," akasema. Ameniita mama tangu nizaliwe, kwa sababu nina jina la mama yake. "Injini haichukuliwi bila kupimwa."

Hapo lazima nieleze kidogo. Kila injini aliyowahi kuendesha Baba ilikuwa na daftari lake. Dereva anayeshuka huandika humo kila lililotokea na kila lililoharibika: breki hivi, taa vile, nimegonga ng'ombe mahali fulani. Dereva anayepanda husoma kwanza, kisha hupima breki kwa mkono wake mwenyewe, hata kama anayemkabidhi ni shemeji yake. Hiyo ndiyo ilikuwa dini ya Baba, ukiacha ile ya Jumapili. Nyumbani tulilelewa nayo. Ukivunja kikombe, huulizwi kwa nini umevunja, unaulizwa kwa nini hukusema.

Muuzaji akaweka lile gemu la zamani kwenye kompyuta yake na kumpa Baba stuli.

"Daftari liko wapi?" Baba akauliza.

"Daftari gani, mzee?"

"La injini."

"Hakuna daftari, mzee. Wewe bonyeza hapa, iende."

"Hewa haijajaa."

Akaonyesha geji ndogo kwenye kioo. Kweli, mshale ulikuwa bado unapanda. Tukangoja hewa ya breki ijae, hewa ya uongo ndani ya treni ya uongo. Msukaji wa kibanda cha jirani akaja kuchungulia na chanuo mkononi. Mshale uliposimama, Baba akapima breki mara mbili, akapiga honi, akaondoka.

Jamani, kumbe alikuwa hai! Mgongo ulinyooka, vidole vikaanza kutafuta vitufe kana kwamba vilizaliwa navyo. Alipunguza mwendo kabla ya kona ambayo mimi hata sikuiona. Alimweleza muuzaji kwa nini treni ya mizigo haishikwi breki ghafla kwenye mteremko, na yule mama akasikiliza. Nilisikia fahari mpaka macho yakaniwasha.

"Tunachukua hii," nikasema.

"Ngoja," Baba akasema tena. Alikuwa amesimamisha treni katikati ya pori. "Dada, hapa mtu anashukaje?"

"Kushuka wapi, mzee?"

"Kwenye injini. Nishuke, nirudi nyuma kwa miguu."

"Kwa hii haushuki. Uko ndani tu mpaka mwisho."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo mpya unashuka. Unatembea kando ya reli, unaangalia mabehewa yako, unarudi."

"Basi ni hiyo," Baba akasema, akainuka kwenye stuli.

Nilichemka. Nilikuwa nimeomba kompyuta kwa bosi kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, nimepoteza Jumamosi yangu, na sasa mzee anataka toleo ambalo mashine yetu hailiwezi. Nikamwambia, na sikupunguza sauti.

"Baba, unataka kutembea? Si utembee! Kangemi yote iko hapo nje. Miezi minane umekaa kwa kiti, leo ndio unataka kutembea ndani ya kompyuta?"

Msukaji akacheka. Muuzaji akacheka. Na mimi, naona aibu kusema, nilifurahia kicheko kile, nikaongeza: "Ama uko na mtu unaenda kuona huko nyuma ya treni?"

Baba alimgeukia muuzaji, kwa sauti ileile aliyotumia kueleza habari za breki.

"Dada, kuna siku niligonga mtu na sikushuka."

Yule mama akanyoosha mkono akazima redio.

Baba akasimulia akiwa amesimama, akimwangalia muuzaji, si mimi. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, magharibi mwa mji, kwenye kona ambapo nyumba zimesogea mpaka karibu na reli. Alikuwa na mabehewa thelathini ya mizigo. Mtu aliyebeba gunia kichwani alikanyaga reli. Baba alipiga honi, akashika breki, lakini treni nzito ni treni nzito. Hakusikia kishindo chochote. Hilo alilirudia, kwamba injini ya uzito ule haikwambii kitu. Treni ilisimama mbele sana.

Desturi inajulikana: dereva na gadi, msimamizi wa treni, wanashuka, wanarudi nyuma kwa miguu mpaka mahali penyewe, wanaangalia, wanaandika. Lakini wiki iliyotangulia dereva mwenzake alishuka karibu na hapo, akapigwa mawe na wakazi mpaka akalazwa. Msaidizi wake akamwambia, "Mzee, tusishuke." Baba aliangalia nyuma kupitia dirishani. Kona ilikuwa imeficha kila kitu. Akafungua breki, akaondoka.

"Kwa daftari uliandika nini?" muuzaji akauliza. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza.

"Niliandika, safari njema, breki nzuri. Mwenzangu aliyenipokea akasoma, akaamini, akachukua injini."

"Na yule mtu?"

"Sijui. Sijui kama ni mwanamume au mwanamke. Sijui kama alivuka. Labda alivuka. Hakuna aliyekuja kuuliza."

Nilipigwa na butwaa. Nimesoma maneno hayo vitabuni mara nyingi na sikujua kwamba mwili unapigwa kweli. Nilishika ukingo wa meza ya diski. Niliuliza mwaka gani, na aliponiambia nikagundua nilikuwa kidato cha tatu. Mwaka ule alikuwa akirudi nyumbani kila Jumamosi na kabichi za Limuru, kubwa, mbili mbili, na sisi tukimkimbilia mlangoni. Nikatafuta kichwani Jumamosi ile moja aliyorudi na jambo lile ndani yake. Nilitafuta uso wake. Sikupata kitu. Nilizipata kabichi tu, na Mama akilalamika kwamba zimezidi. Alikaa mezani akala nasi, huyu aliyetuchapa kwa kikombe ambacho hatukusema tumekivunja! Niliona hasira, nikaona huruma, bila moja kuipisha nyingine. Na juu ya yote nikasikia tena swali langu la kejeli, kama uko na mtu unaenda kuona nyuma ya treni. Laiti ningeng'oa ulimi wangu pale pale.

Msukaji alirudi kwa mteja wake. Muuzaji akachukua ile diski ya toleo jipya, akaifuta kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi, akaitia kwenye karatasi na kumpa Baba mkononi. Nililipa. Hakuna aliyezungumza habari za bei.

Tulirudi Kangemi. Sikujua nianzie wapi, na yeye alikuwa amemaliza. Jumatatu nilimwita fundi wa Kangemi anayetengeneza redio na kompyuta, akafungua mashine, akatikisa kichwa, akaongeza kumbukumbu aliyoitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Gemu likakubali kuwaka. Picha ilisitasita, lakini ilikwenda.

Juma zima Baba hakuligusa. Niliogopa kumuuliza. Kazini nilikosea majina ya wagonjwa, nikampa mtu wa saa nne nafasi ya saa tano, na kila aliyeingia na mwamvuli nilimtazama kichwani nione amebeba nini.

Jumapili, tulipotoka kanisani, alivua koti, akakaa mbele ya kompyuta na kuniomba chai. Nilipoileta alikuwa ameshapima breki na yuko njiani. Alichagua treni ya mizigo, na reli iliyopita kwenye nyasi na vilima vya nchi nisiyoijua. Hapakuwa na nyumba wala mtu. Alipofika kwenye kona fulani, kona ya kawaida tu, akapiga honi ndefu. Akashika breki. Treni ikaenda, ikaenda, ikasimama mbele sana.

Akashuka.

Kwenye kioo tukaiona injini kutoka nje, chini, kwa kimo cha mtu anayesimama kwenye kokoto. Akaanza kurudi nyuma kwa vitufe vya mishale. Behewa moja, la pili, la tatu. Mashine ilikuwa nzito, kila hatua ilikwama kidogo kabla ya nyingine. Ningeweza kumwambia kuna kitufe cha kumpeleka moja kwa moja, yule muuzaji wa diski alinionyesha. Sikumwambia. Nilihesabu mabehewa pamoja naye kimoyomoyo, na chai ikapoa mkononi mwangu, na nje watoto wa ploti wakapigania mpira.

Akamaliza behewa la mwisho. Akaendelea mpaka kwenye kona, akasimama. Palikuwa na reli, kokoto na nyasi. Akageuza picha kushoto, akaigeuza kulia, polepole, akaegemea mbele mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mama," akaniita, "macho yangu siku hizi si mazuri. Unaona mtu?"

"Hapana, Baba. Hakuna mtu."

Hakuinuka. Alisogea pembeni ya kiti akanipa nafasi, nikakaa nusu, bega langu kwenye bega lake.

"Angalia vizuri," akasema. "Mimi sikuangalia."