Bibi Aliyemtemea Mtoto Mate

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu tuliotoka nao Kigoma waliijua Johannesburg yote hadi Randburg. Mimi niliijua njia ya kwenda kununua uzi, na ya kurudi. Cherehani yangu ilikaa sebuleni, mtaa wa Troyeville. Mke wangu alitoka kwenda kusuka watu nywele, mimi nikabaki na binti yetu, ambaye hata kutambaa alikuwa bado. Kwa hiyo Ugiriki ilibidi inifuate nyumbani.

Ilikuja imevaa nguo nyeusi. Jirani yetu, bibi mjane aliyezaliwa kijiji cha milimani huko Ugiriki, kisiwa cha Krete, alitukuta mlangoni petu tukitoka ibadani. Akamwinamia mtoto, akatabasamu. "Mzuri huyu!" Kisha akamtemea mate. Ptu, ptu, ptu.

Mke wangu aliingia ndani bila kuaga.

"Umeona? Kamtemea mwanangu!"

"Labda ni baraka. Kwetu wazee huwa wana..."

"Kwenu! Yule ni mzee wa kwenu?"

Wiki hiyohiyo mtoto akashikwa na homa. Kliniki walisema ni meno, wakatupa dawa ya maji. Mke wangu hakusema kitu, na asiposema kitu mimi hushona suruali mguu mmoja mrefu. Niliiogopa homa. Niliogopa zaidi kwamba huenda mke wangu amepatia kuhusu yale mate. Mtoto alipokataa kunyonya, nikaenda kwa jirani kumuuliza alimfanya nini mwanangu.

Nilimkuta jikoni anachambua majani aliyochuma kando ya barabara. Mchunga! Ule ule mchungu tunaolia ugali kwetu; yeye huuchemsha, akaunyunyizia mafuta ya zeituni na limau. Kijijini kwao, alisema, anayenunua mboga ni mvivu. Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika, lakini si kuliko changu.

Nikajikaza. "Bibi, ulimtemea mtoto kwa nini? Anaumwa."

Akaweka kisu chini. "Anaumwa? Nani kamsifu bila kutema?"

Kumbe kwao ukimsifu mtoto usiteme, jicho baya linampata, hata liwe jicho la anayempenda. Mate ndiyo kinga.

"Wewe hutemi?" akaniuliza.

Mchana kutwa, mguu kwenye pedali, kazi yangu ilikuwa kumwambia binti yangu kwamba Afrika Kusini nzima hakuna mrembo kama yeye.

Bibi alinifuata hadi kwetu na bakuli la maji na chupa ndogo ya mafuta. Mke wangu akasimama mlangoni. "Huyu haingii." Ndani mtoto akalia, kilio chembamba, cha kuchoka. Mke wangu akageuka kumtazama, akanitazama mimi.

"Aingie. Lakini mtoto nampakata mimi. Na nitaomba."

Wakaomba wote wawili kwa pamoja: bibi akinong'ona Kigiriki na kupiga ishara ya msalaba, mke wangu akimwita Yesu kwa Kiswahili cha kusikika hadi mtaa wa pili, Bertrams. Bibi akadondosha mafuta majini. Badala ya kuelea, tone likatawanyika, likapotea. Akaanza kupiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Huo, akasema, ndio ushahidi kuwa jicho lipo. Na mimi, niliyekuwa sijalala vizuri tangu homa ianze, nikapiga mwayo wangu mrefu.

Bibi akaninyooshea kidole. "Jicho ni la huyu."

"Nilijua tu," akasema mke wangu. "Mwanamume anashinda nyumbani, hana kazi ila kukodolea watu macho."

"Tema," bibi akaniamuru.

Nilisita. Nimtemee mwanangu anayeumwa, mbele ya mama yake?

"Tema, baba," mke wangu akasema. "Tema upesi, kabla sijabadili mawazo."

Nikatema. Mdomo ulikuwa mkavu, ukatoka upepo mtupu.

Jioni paji la mtoto lilikuwa bado la moto, lakini alinyonya, kidogo kidogo, kwa kushtukashtuka. Nilitaka kumwambia amependeza. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikaendelea kumhesabia mafunda kimoyomoyo.